Mgeni Siku ya Kwanza Mpe Laini

Kila anayekuja Kenya kwa mara ya kwanza huja na orodha. Mafuta ya kujikinga na jua, dawa ya kufukuza mbu, tembe za malaria, kofia, viatu vya kutembelea. Ni orodha nzuri na siipingi hata kidogo. Ila kuna kitu kimoja ambacho mara nyingi hakimo, na ni sisi wenyeji tunaopaswa kukiongeza: laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, yenye akaunti ya pesa ambayo nambari yake ya siri anaijua yeye peke yake.

Najua utasema kampuni ya malipo lazima iseme hivyo. Sawa. Lakini mimi somo hili sikulipata kazini. Nililipata kwa simu iliyonipigia jioni moja nikiwa kwenye matatu Nairobi, na binamu yangu akiwa kando ya barabara Diani.

Huyu binamu ni binti ya mjomba wangu. Alizaliwa Uingereza, akasomea huko, na sasa anafanya kazi huko. Hakuwa amewahi kukanyaga Kenya. Alipokuja, familia nzima ilifurahi, na kama kawaida yetu tukataka asiguse chochote. Mama akamwambia, "Wewe ni mgeni, weka pesa zako." Kulipokuwa na haja ya laini, mama akatoa ile yake ya zamani iliyokuwa kwenye droo, yenye jina lake mama, akampa pamoja na karatasi ndogo yenye nambari ya siri. Tukaona tumemaliza.

Wiki ya pili akaenda Diani peke yake kwa siku tatu. Kwenye ile laini kulikuwa na shilingi 8,000. Jioni ya kwanza alitaka kutoa pesa kidogo ili amlipe mwenye tuktuk. Wakala akaomba kitambulisho, binamu akatoa pasipoti, na wakala akaona jina si lile lililo kwenye akaunti. Akakataa. Na alifanya haki, hiyo ndiyo kazi yake. Basi binamu akaamua kumtumia dereva moja kwa moja kwenye simu yake. Ile karatasi ilikuwa imebaki chumbani. Akabahatisha nambari ya siri mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaunti ikajifunga.

Huduma kwa wateja wakataka maelezo ya mwenye laini. Mwenye laini alikuwa kwenye basi la kwenda Nyeri, simu imezima chaji. Giza linaingia, dereva anangoja, na shilingi 8,000 ziko mkononi mwake lakini si zake. Nilimtumia dereva shilingi 300 mimi mwenyewe kutoka Nairobi na mambo yakaisha. Kilichonichoma ni alichoniambia binamu baadaye: "Samahani kwa kukusumbua tena."

Hiyo "tena" ndiyo iliyonifanya nikae chini nifikirie. Kumbe kwa siku kumi tulikuwa tumemfanya mtu mzima, mwenye mshahara wake, aombe ruhusa kila akitaka soda.

Ukarimu wetu una pengo

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee walijua kwamba mtu akikaa bila la kufanya anaanza kujiona mzigo, na jembe lilimfanya awe mmoja wa nyumba. Leo mgeni wetu wa mjini hahitaji jembe. Anahitaji uwezo wa kwenda dukani, kununua mkate, kulipa na kurudi bila kumwita mtu. Na mimi naona tusingoje siku ya tatu.

Wako watakaosema mgeni ana kadi ya benki, inatosha. Kadi inafanya kazi vizuri kwenye hoteli kubwa na supamaketi. Lakini jaribu kumpa kadi muuza madafu. Jaribu kwa mama wa viazi karai, kwa mtu wa bodaboda, kwa fundi aliyekushonea kamba ya kandambili. Hao wote wanapokea pesa kwa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, nchi hii imejenga maisha yake ya kila siku juu ya simu, na mgeni asiye na akaunti anatuona kupitia dirisha la hoteli.

Wengine watasema abebe pesa taslimu. Abebe, lakini kidogo. Noti ya 1,000 kwa muuza mahindi ya kuchoma asubuhi ni shida kwa wote wawili, kwa sababu chenji haipo. Na furushi la noti ndani ya mkoba ni wasiwasi anaotembea nao siku nzima.

Nikisema mgeni awe na pesa zake, sisemi tuache kumkirimu. Mpikie, mtembeze, mkaribishe kwenu. Lakini mwachie uhuru wa kujilipia.

Kabla hajapanda ndege

Mtumie mgeni wako mambo haya mapema, si siku ya safari.

Kwanza, aombe idhini ya kusafiri ya kielektroniki, ile inayoitwa eTA. Tangu Januari 2024 ndiyo imechukua nafasi ya viza kwa wageni wengi. Aombe kwenye tovuti rasmi ya serikali, kwa sababu zipo tovuti za madalali zinazofanana nayo na zinatoza zaidi.

Pili, aulize kampuni yake ya simu kama simu yake imefunguliwa. Simu nyingi zinazouzwa ng'ambo kwa mkataba hazikubali laini ya mtandao mwingine. Akifika hapa na simu iliyofungwa, laini yetu itakuwa pambo tu.

Tatu, na hili linawakosesha wengi: kuna laini za kidijitali za wasafiri ambazo mtu hununua mtandaoni kabla ya kuja. Nyingi ni za intaneti pekee. Hazina nambari ya Kenya, kwa hiyo huwezi kufungulia akaunti ya pesa. Zitamsaidia kusoma ramani, hazitamlipia tuktuk.

Nne, asitupe laini yake ya nyumbani. Benki yake itamtumia nambari za uthibitisho kwenye laini hiyo. Kama simu inakubali laini mbili, azitumie zote mbili. Kama haikubali, azungumze na benki yake kabla ya kuondoka.

Tano, akija na dola, ziwe noti safi zisizo za zamani sana. Noti iliyochanika au kuchorwa inaweza kukataliwa akitaka kubadilisha. Na vitu alivyonunua njiani asivibebe kwenye mifuko ya plastiki, maana mifuko hiyo ilipigwa marufuku hapa Agosti 2017.

Siku ya kwanza: laini kwa jina lake

Mpeleke mwenyewe kwenye duka rasmi la kampuni ya simu. Abebe pasipoti halisi, si picha ya pasipoti kwenye simu. Atasajiliwa laini, kisha aombe pia asajiliwe huduma ya pesa. Watu wengi husahau hatua hiyo ya pili, wanatoka dukani wakiwa na intaneti bila akaunti.

Ikifika wakati wa kuweka nambari ya siri, wewe mwenyeji geuka uangalie ukutani. Sitanii. Asichague mwaka wake wa kuzaliwa, maana uko kwenye pasipoti ambayo ataionyesha kila mahali. Na asiiandike kwenye karatasi kama alivyofanya mama yangu.

Tafadhali usimsajilie mgeni laini kwa kitambulisho chako, hata kama unampenda vipi. Laini yenye jina lako ni mzigo wako. Akitumiwa pesa zinaingia kwenye akaunti yenye jina lako, akikosea utaulizwa wewe, na yeye hataweza kutoa hata shilingi kwa wakala kwa kuwa pasipoti yake haitalingana na jina lililo kwenye akaunti. Ule wema unawafunga wote wawili.

Kuweka pesa ni rahisi. Anaweza kubadilisha fedha zake na kumpa wakala aziweke kwenye laini, na kuweka hakuna makato. Ama anaweza kujitumia kutoka ng'ambo kupitia huduma zinazotuma moja kwa moja kwenye simu, lakini alinganishe ada na kiwango cha kubadilisha fedha kwanza. Aweke kiasi cha siku chache, si bajeti yote ya safari.

Somo la robo saa

Usimkabidhi mgeni simu ukamwambia "ni rahisi." Kwako ni rahisi kwa sababu umefanya hivyo tangu shule. Kaeni chini mfundishane tofauti hii:

Nambari ya Till ni ya kununua bidhaa dukani au hotelini. Kwa kawaida mnunuzi hakatwi ada.

Paybill huwa na vitu viwili: nambari ya biashara na nambari ya akaunti. Akikosea akaunti, pesa zitafika kwenye kampuni lakini hazitajulikana ni za nani. Na aangalie ada, maana wakati mwingine anayelipa ndiye anayekatwa.

Kutuma kwa nambari ya mtu ni kwa mtu binafsi, na kiasi kikubwa kina ada. Mfanyabiashara akisema "tuma tu kwa hii namba," mgeni ana haki ya kuuliza kama kuna Till.

Kisha mfundishe kusoma jina. Hii ndiyo tabia moja ningeiweka juu ya zote. Simu itaonyesha jina la unayemlipa. Alisome kwa sauti: "Ni wewe huyu?" Muuzaji mwaminifu hatakasirika, atatabasamu. Akiona jina lingine, asimame hapo hapo kabla ya kukubali.

Halafu mpe zoezi. Mwache anunue maji ya chupa peke yake, wewe ukiwa umesimama mbali kidogo. Mara ya kwanza atatetemeka. Mara ya tatu atakuwa anauliza "Till ngapi?" kama mtu wa Tom Mboya Street.

Jua, mvua na giza

Nchi ya joto ina tabia zake, na tabia hizo zinagusa pesa pia.

Giza letu halibembelezi. Mtu aliyezoea jioni ndefu za Ulaya atashangaa kwamba hapa jua linazama karibu saa kumi na mbili unusu jioni, mwaka mzima, na ndani ya nusu saa ni usiku. Shughuli za pesa zifanywe mchana: kutoa, kuweka, kununua muda wa maongezi. Asijikute anatafuta wakala gizani mahali asipopajua. Na hapo hapo mweleze saa zetu: ukimwambia "saa mbili asubuhi" yeye anasikia 2:00, kumbe sisi tunamaanisha ile ambayo saa yake itaandika 8:00.

Mvua za masika huja kati ya Machi na Mei, za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mvua ikinyesha, nauli ya matatu inaweza kupanda ghafla, na simu ikilowa ndiyo pochi imelowa. Mfuko mdogo wa kuzuia maji ni muhimu kuliko mwavuli. Ufuoni asiache simu juani kwenye mchanga. Simu ikipata joto sana hujizima, na ikijizima hana nauli ya kurudi. Kwa sababu hiyo hiyo abebe chaja ya kutembea nayo, na asikose shilingi 500 taslimu kwenye noti ndogo ndogo. Mtandao hupotea, hata kwetu sisi.

Malaria iko zaidi Pwani na maeneo ya Ziwa Victoria kuliko Nairobi. Amwone daktari kabla ya safari, kwa kuwa baadhi ya dawa za kinga huanza kumezwa kabla ya kufika. Akipata homa akiwa hapa, ama hata baada ya kurudi kwao, apimwe mara moja na aseme alikuwa Kenya. Hapa pia pesa zinaingia: awe na akiba kwenye simu ya kulipia kipimo na dawa usiku wa manane, bila kungoja mtu aamke.

Na kama anaenda mbuga za kitaifa, ajue kwamba malipo ya kuingia hufanywa kupitia eCitizen, si noti langoni. Ajisajili mapema akiwa na intaneti nzuri. Chupa za plastiki za kutumia mara moja aziache, haziruhusiwi kwenye hifadhi tangu Juni 2020.

Mgeni ni kuku mweupe

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, kila mtu anamwona. Matapeli nao wanamwona.

Mwambie kuhusu ujumbe wa "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie." Ujumbe unaweza kuwa umeandikwa na tapeli mwenyewe. Asirudishe chochote kabla ya kuangalia salio. Kama pesa zimeingia kweli, aliyetuma afuate utaratibu wa kampuni wa kurudisha muamala, si kwa mgeni kutuma upya kwa haraka.

Mwambie pia kwamba hakuna mfanyakazi wa huduma kwa wateja atakayemuuliza nambari ya siri. Si kwa simu, si kwa ujumbe, si dukani. Na "msaidizi" anayetaka kushika simu ili "amwonyeshe" aambiwe asante, hapana.

Na bei? Kuna ile bei inayopanda mtu akisikika lafudhi ya ng'ambo. Sisi tunaijua, na tukinyamaza tunashiriki. Mfundishe mgeni kukubaliana bei ya bodaboda au tuktuk kabla ya kupanda. Mfundishe kuuliza "mwisho ngapi?" huku akitabasamu. Jambo zuri ni kwamba akilipa kwa simu anabaki na rekodi. Binamu yangu alikuwa akisoma jumbe zake kila jioni, na siku ya nne alijua mwenyewe nauli halali ni ngapi bila kuuliza mtu.

Siku ya kuondoka

Hapa ndipo wengi hulegea. Mgeni amefunga mizigo, mnaagana, anasema, "Chukua tu hii laini, sitaihitaji." Kataa. Ile laini ina jina lake na pasipoti yake. Ikitumika vibaya akiwa ng'ambo, atakayetafutwa ni yeye. Salio lililobaki alitoe, alitumie ama akutumie zawadi kwa njia ya kawaida. Laini aende nayo, ama aombe ifungwe. Akienda nayo ajue kwamba laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kufungwa.

Sisi tulimpeleka binamu akasajiliwe laini yake aliporudi kutoka Diani. Ilichukua chini ya saa moja. Siku kumi tulizompotezea zingeepukwa kwa matembezi ya asubuhi moja, na hilo ni kosa letu, si lake.

Jioni hiyo nikiwa naosha vyombo, simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa malipo: nimepokea shilingi 300, na mbele yake jina lake lote, la kwanza, la kati na la babu yetu. Nauli ya tuktuk ya Diani. Nilitaka kumwambia si lazima, wewe ni mgeni. Nikajizuia. Nilitoka jikoni nikamwambia asante, naye akauliza kama tunahitaji maziwa, kwa sababu alikuwa anaenda dukani.

Kama una mgeni anayekuja mwaka huu, mpikie chochote unachotaka. Lakini asubuhi ya kwanza, kabla ya kumpeleka kuona twiga, mpeleke akapate laini yake.